Mama Mdogo Tuliyembatiza Akiwa Hai

Ephraim, Bonde la Sanpete,
Utah, Amerika.
Jumapili, 6 Septemba 1891

Mpendwa Mama Mdogo Sidsel,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Mimi ni Abelone, binti wa dada yako Bodil, mtoto wake wa pili, na ndiye niliyebaki nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Baba Mdogo Laurids na mabinti zako, na kwamba kile kifua ulichosema kinakubana kila upepo wa bahari unapovuma kimepata nafuu. Huku kwetu hakuna bahari. Kuna vumbi, na miezi miwili sasa hatujaona tone la mvua. Ngano tumeshavuna, viazi bado viko ardhini, na mgongo wangu unauma tangu ninapoamka. Lakini tunakula na tunalala, kwa hiyo siwezi kusema tu wagonjwa.

Sitakuzungusha, Mama Mdogo. Mama amefariki. Alifariki Jumatano tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka hamsini na saba. Miguu ilianza kuvimba wakati wa baridi, kisha maji yakapanda kifuani, na mwisho hakuweza kulala ila ameketi. Pole sana. Umemtafuta miaka thelathini na minne, na sasa unaletewa hili na mtu usiyemjua hata mwandiko wake.

Ila usiiweke barua chini. Barua yako aliisikia, neno kwa neno, mara mbili. Uliandika kwamba wewe ndiye uliyemwambia baba yenu mahali Mama alipokwenda kubatizwa, kwamba tangu siku ile jambo hilo halijakuacha, na kwamba usipopata jibu utajua hukusamehewa. Jibu lipo. Alinipa mwenyewe, nami nitakufikishia kama alivyolitamka. Lakini kabla ya hapo nina mambo ya kuungama, na nimechoka kuyabeba.

Barua yako ilifika mwishoni mwa Juni, nami nikaificha wiki tano.

Nikueleze kwa nini, ingawa sababu yenyewe itakushangaza. Sisi huku tulijua umekufa. Tulikulilia, tukavaa nyeusi, na mwaka juzi tukakubatiza. Ninyi hamna desturi hii, kwa hiyo niseme wazi. Katika imani yetu mtu hai huingia majini kwa niaba ya ndugu yake aliyefariki bila kubatizwa. Mwili ni wa aliye hai, jina linalotajwa ni la marehemu, na tunaamini kwamba marehemu huko aliko anaweza kukubali au kukataa. Kazi hiyo hufanyika hekaluni tu. Na hufanyika kwa wafu tu, Mama Mdogo. Sijasikia mtu mwingine bonde zima aliyefanyiwa akiwa jikoni kwake anapika.

Habari za kifo chako alizileta Ndugu Ejnar Skov, jirani yetu, mtu mwema na mwenye haraka. Alikuwa mmisionari huko Jutland miaka miwili, na Mama alimwomba apite kijijini kwenu akaangalie nani yu hai. Alipita. Makaburini akakuta msalaba wa chuma umeandikwa Sidsel Andersdatter, amezaliwa 1844, amefariki 1881. Hakumwuliza mtu, kwa sababu parokia ile ilikuwa imeshamfukuza mara mbili, mara ya pili kwa mbwa. Akanakili tarehe akaondoka. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba pale kila baba wa pili anaitwa Anders, na kila Anders ana binti anayeitwa Sidsel. Mama naye alijua. Lakini mtu aliyengoja miaka mingi bila habari huishika ya kwanza inayofika.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana uliuliza pia aliishije, na yeye hayupo tena akujibu.

Baba yenu alipomburuta kwa nywele na kumfungia mlango, Mama alikaa kwa yule mfyatua matofali aliyekuwa mmoja wa Watakatifu, yaani watu wa imani yetu, akisokota sufu ili apate nauli. Aliondoka mwaka uliofuata, Aprili 1857. Baada ya bahari wakapanda treni hadi reli ilipokomea kule Iowa, na kutoka hapo wakatembea. Si kwa magari ya ng'ombe. Walivuta mikokoteni kwa mikono yao, kiangazi chote, hadi huku milimani. Mama alivuta wake pamoja na wazee wawili ambao hakuwajua, na mmoja wao hakufika.

Safari hiyo hakuwahi kuisimulia kwa mbwembwe kama wanavyofanya wengine kila mwaka ifikapo Julai, tunapoadhimisha waliovuka nyika. Tukimbana, alisema gurudumu lilikuwa likilia mchana kutwa, na kwamba walilipaka mafuta ya nguruwe waliyopaswa kula. Alisema pia kwamba alifika akiwa amefunga vitambaa miguuni, viatu vimekwisha njiani. Tangu hapo hakuwahi kutupa kiatu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la viatu vibovu, vingine havina mwenzake, na sisi watoto tulimcheka.

Aliolewa na baba yangu, Thue Mikkelsen, fundi wa kuchonga magurudumu. Baba alikuwa na mke tayari, Ingeborg, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa. Najua huko kwenu mnasemaje juu ya jambo hili, wala sina nguvu ya kubishana. Nitakwambia tu nilichoona. Wake wenza hawa waligombana miaka kumi, kisha Baba akawajengea nyumba mbili zinazotazamana, kisima kimoja katikati, na tangu hapo wakagombana kwa kupendana. Baba alipofungwa miezi sita kwa kosa la kuwa na wake wawili, wote wawili walihamia nyumba moja ili kuokoa kuni. Alirudi amekonda, amenyolewa ndevu, akawakuta wamebadilisha vitanda vyote mahali pake bila kumwuliza. Naye amefariki, mwaka jana wakati wa baridi.

Watoto tulikuwa wanne. Wawili walikufa kwa ugonjwa wa koo katika wiki moja. Kaka yangu wa kwanza anaitwa Anders, jina la baba yenu. Niliwahi kumwuliza Mama ilikuwaje akampa mtoto jina la mtu aliyemburuta kwa nywele, akanijibu kwamba hakuwa na baba mwingine wa kumpa jina. Miaka mitatu nzige walikula ngano mpaka na kamba za kuanikia nguo wakazitafuna. Sitakudanganya kwamba aliishi maisha mazuri. Aliamka akiwa amechoka na akalala akiwa amechoka zaidi. Siku moja tulipokuwa tunafua, mikono yake imepasuka kwa magadi, nilimwuliza kama anajuta kuja. Alikamua shuka kwanza. "Nimechoka, mwanangu," akasema. "Sijapotea." Kisha akanipa ncha nyingine nishike.

Hekalu letu liko Manti, juu ya kilima cha mawe meupe, safari ya saa mbili kwa gari la farasi. Lilijengwa miaka kumi na moja, na akina mama wa kata zote, yaani makutaniko yetu, walikubaliana kwamba kila yai litakalotagwa Jumapili litakwenda kwenye ujenzi. Mama alikuwa mkali sana kwa hilo. Baba alidai kuku wetu walikuwa wacha Mungu kuliko majirani, maana Jumapili walitaga hadi kwenye buti zake. Mama Mkubwa Ingeborg alisema si uchaji, ni kwamba Bodil aliyaokota ya Jumatatu kabla hajanawa uso, akayahesabu ya Jumapili. Walibishana juu ya hilo mpaka hekalu likafunguliwa.

Basi Ndugu Ejnar alipoleta jina lako, Mama alilala kitandani siku mbili uso ukutani. Siku ya tatu akasema anakwenda Manti. Tulimwambia wapo wasichana wenye afya ambao wangeingia majini badala yake, mimi mwenyewe nilikuwa tayari. Magoti yake yalikuwa mabaya tangu zamani na birika la ubatizo lina ngazi za kupanda na za kushuka. Hakutusikiliza. Alisema ataingia kwa miguu yake, kwa sababu ni mdogo wake.

Nilikuwepo. Birika limebebwa migongoni na ng'ombe kumi na wawili wa chuma, na maji hupashwa moto. Alishuka akiwa na gauni jeupe, ameshikwa kiwiko, jina lako likatajwa kwa sauti, Sidsel Andersdatter, akazamishwa na kuinuliwa. Alipotoka alikuwa analia na anacheka. Nilimfunika shuka kavu, naye akaniambia sikioni kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu. Alilirudia neno hilo njia nzima ya kurudi. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Baada ya wiki mbili akaota. Aliota umekuja mlangoni umevaa nyeupe ukamwambia asante. Ingekuwa siri yake ningemshukuru Mungu. Lakini sisi Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi tunafunga, tunakutana, na mwenye ushuhuda anasimama. Mama, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kusimama kwa sababu aliona haya, siku hiyo alisimama mbele ya watu wote akaieleza ndoto ile. Watu walilia, askofu naye akalia. Wanawake wakawa wanakuja nyumbani kumwuliza ulivyoonekana. Naamini miaka ile miwili ya mwisho ndiyo aliyokuwa na furaha kuliko yote, na wewe ndiye uliyempa, kwa kufa.

Sasa fikiria Juni, mimi nimesimama mlangoni na bahasha yenye jina lako, na ndani wewe mzima, una pumu kidogo, unaeleza jinsi mmisionari kijana alivyobisha kwako, ukamfukuza na mwiko mkononi, kisha ukamkimbilia hadi lango la jirani kumwuliza kama anamjua Bodil. Nilifurahi, ndiyo. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Halafu nikasikia Mama anakohoa chumbani, nikawaza: nitamwuaje mwanamke huyu? Akijua u hai, atajua kwamba ndoto ilikuwa ndoto tu na kwamba alisimama mbele ya kata nzima akasema jambo lisilokuwepo. Na katika barua hiyo hiyo unamwambia wewe ndiye uliyemsaliti. Nilimwona hana nafasi kifuani ya kuyabeba yote mawili. Nikaichukua barua nikaifukia kwenye pipa la unga wa shayiri, maana Mama hakuwa anafika tena jikoni.

Nilisema nitamwambia akipata nafuu. Hakupata nafuu. Kila siku nilipochota unga mkono wangu ulikwenda upande wa pili wa pipa. Nilikuwa namgeuza, namlisha, nafua mashuka, nakamua ng'ombe, na huku nimeshika siri iliyokuwa si yangu. Nisamehe kwa hilo, Mama Mdogo. Ulikuwa unahesabu siku huko, nami nilizila.

Aliyenitoa kwenye aibu hiyo ni Mama Mkubwa Ingeborg. Jumapili ya tarehe 2 Agosti alikuja kuazima unga, akazamisha kopo lake palepale nisipogusa. Akainua bahasha iliyojaa unga.

"Abelone," akaniita, "tangu lini shayiri ikaandikiwa barua kutoka Denmark?"

Nilimweleza. Nilitegemea atanigombeza. Alikung'uta bahasha kwenye aproni yake, akavuta kiti.

"Mimi nimekula naye, nimegombana naye na nimezika naye kwa miaka thelathini na mitatu," akasema. "Huyo si yai, binti. Hapasuki. Nenda kamsomee kabla sijaenda mimi na miwani yangu mibovu."

Nikaenda. Ilikuwa saa tisa alasiri, madirisha wazi, Mama ameketishwa kwa mito mitatu. Nilimwambia kwanza kwamba u hai. Akasema, "Soma." Nikasoma hadi mwisho, na nilipofika pale uliposema ni wewe uliyemwambia baba yenu niliinua macho, naye akafanya ishara kwa kidole niendelee. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikasoma tena. Alifumba macho. Nilidhani nimemwua kweli.

"Ingeborg," akasema, macho bado yamefumbwa, "kahawa ipo?"

Kahawa tumeshauriwa na kanisa kuiacha, lakini katika bonde hili la Wadenmark ushauri huo huwa unasubiri nje mpaka tumalize kunywa. Mama Mkubwa alileta birika na vikombe, akaketi miguuni pa kitanda.

"Haya, mwenzangu," akaanza, "yule Sidsel aliyekuja ndotoni kukushukuru alikuwa nani?"

Nilitaka kumfinya. Mama alipuliza kahawa yake.

"Yule mwingine," akasema. "Wa msalaba wa chuma. Na yeye si mtu? Kabatizwa na mwanamke asiyemjua, atakosa hata adabu ya kuja kusema asante?"

"Na wewe ukamdhani dada yako."

"Alikuwa mbali, na mimi sina macho mazuri."

Mama Mkubwa alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye shuka nililofua jana yake. Mama naye alicheka, akashikwa na kikohozi, tukamwinua. Alipotulia hakusema neno lolote juu ya yale uliyoungama. Nilimwuliza nikujibu nini. Alisema nimngoje, ana kazi ya Alhamisi kwanza.

Nilijua Alhamisi ni nini, na nilimkatalia. Hakuwa ametoka kitandani tangu Mei. Lakini Alhamisi asubuhi gari la Ndugu Ejnar lilikuwa mlangoni, lina godoro ndani, kwa sababu Mama Mkubwa alikuwa ameshamwambia kila kitu, na yule bwana hakuwa amelala vizuri tangu aambiwe. Alimbeba Mama kama mzigo wa vyombo vya udongo. Mkutanoni tulimweka benchi la mbele. Askofu alipotoa nafasi, akasimama ameshika mkono wangu upande huu na bega la Mama Mkubwa upande ule.

"Ndugu zangu na dada zangu," akasema, "mwaka juzi nilisimama hapa nikasema dada yangu aliyekufa amekuja kunishukuru. Dada yangu hajafa. Yuko Jutland, anakaanga samaki."

Watu wengine walicheka, wengine wakatazamana. Akangoja wamalize.

"Sikukusudia kuwadanganya. Lakini mlilia kwa jambo ambalo halikuwa, na mimi naondoka karibuni, sitaki kuondoka nalo. Ejnar, inua kichwa. Kwetu watu ni wengi kuliko majina. Ni hayo tu."

Akaketi. Sijawahi kuona mtu akiwa mdogo namna ile kwenye benchi, wala sijawahi kumheshimu mtu namna ile. Baada ya mkutano alikuja Ndugu Ottosen, anayetunza orodha ya majina ya kata yetu yanayopelekwa hekaluni, mzee mpole, akainama mbele yake.

"Dada Bodil, unajua ule ubatizo itabidi tuufute. Mtu yu hai, hauhesabiki."

"Futa, Ndugu," Mama akamwambia. "Andika unavyotakiwa kuandika. Lakini mimi nililowa."

Sasa nimefika kwenye jibu lako.

Tulikuwa tunarudi, Ndugu Ejnar anaongoza farasi polepole ili gari lisirukeruke, Mama amelala kichwa mapajani pangu. Nilimwambia, "Mama, Sidsel anangoja. Umemsamehe au hukumsamehe?" Alijigeuza kidogo kutafuta pumzi. Kisha akasimulia, kwa vipande, akipumzika katikati, na hii ndiyo mara pekee niliyowahi kuisikia.

Alisema ilikuwa Machi, nyuma ya kiwanda cha matofali, kando za kijito zina barafu nyembamba na shamba limelimwa, tope tupu. Siku moja kabla alimwambia mtu mmoja tu atakwenda wapi, naye ni wewe, kwa sababu mlilala kitanda kimoja na alishindwa kukuficha. Aliingia majini. Anasema baridi ile ilimtoa akili. Alipoinuliwa, akafungua macho, kitu cha kwanza alichoona katika maisha yake mapya ni wewe. Ulikuwa unakuja mbio katikati ya shamba, mdomo wazi, unapiga kelele, na upepo unazipeleka kwingine. Nyuma yako, mbali kidogo, baba yenu na vibarua wawili wenye fimbo. Mguu wako mmoja una kiatu cha mbao, mwingine una soksi tu, umejaa tope hadi gotini.

"Nilijua pale pale," akasema. "Nani mwingine angemwambia? Lakini nilimwona alikuwa mbele. Mtu anayekuja kukukamata hakimbii mbele ya wenzake huku analia. Alikuwa anakuja kuniambia nikimbie."

Nikamwuliza basi alikusamehe lini.

"Nimsamehe nini? Alikuwa na miaka kumi na mmoja, alitaka dada yake abaki nyumbani. Mimi ndiye niliyeondoka." Akapumzika. "Nilipoingia majini kule Manti nilikuwa nawaza hilo tu. Kwamba safari hii mtoto yule angeingia kwenye maji ya moto, na hakuna mtu mwenye fimbo."

Ndugu Ejnar alisimamisha farasi. Alisema kuna jiwe kwenye kwato la farasi. Hapakuwa na jiwe.

Nilimwambia Mama nitakuandikia yote hayo. Akatikisa kichwa, akasema ni maneno mengi, utalia bure, na umeshalia vya kutosha. Akanishika mkono akaniambia hivi, na ninakuandikia kama alivyosema: "Mwambie nilimwona. Halafu muulize kile kiatu kingine alikipata? Maana Baba hakuwa mtu wa kununua viatu mara mbili kwa mwaka, na mimi sikuwepo tena kumwazima vyangu. Nimekifikiria miaka yote hii."

Ijumaa sauti ilimwisha, na hakusema tena kitu kirefu. Tulimzika ubavuni mwa Baba na wale watoto wawili, amevaa nyeupe yake ya hekaluni. Sanduku la viatu bado liko chini ya kitanda. Nilitaka kulitoa nilipokuwa nasafisha chumba, Mama Mkubwa akanikataza, akakaa sakafuni akavipanga upya vyote, vile visivyo na mwenzake mbele.

Mama Mkubwa Ingeborg anakusalimu, anasema kama una ulimi kama wa dada yako basi angefurahi kugombana nawe. Kaka Anders anakusalimu kutoka upande wa pili wa milima, pamoja na mkewe Helvig na mtoto wao mpya ambaye wamempa jina la Bodil. Ndugu Ejnar Skov anakuomba radhi kwa kukuzika. Nisalimie sana Baba Mdogo Laurids na mabinti zako wote. Mungu awape majira ya baridi mepesi, akulainishie kifua chako, na akuweke hai kwa muda mrefu, kwa kuwa huku tumeshakulilia mara moja na hatuna machozi ya mara ya pili.

Ukiniandikia, usianze na salamu wala habari za afya. Jibu la kiatu liweke juu kabisa, mstari wa kwanza. Nitaifungua barua nikiwa nimeshasimama makaburini kwa Mama, maana yeye ndiye aliyeuliza.

Ni mimi binti yako, nikupendaye kabla sijakuona,

Abelone Thuesen